Je, Ni Haki Kumdai Mwanadamu Asikosee?



Siku za Jumamosi na Jumapili jioni, mijini na vijijini, vijana wetu hukusanyika katika vibanda vya mpira kutazama timu za Uingereza zikicheza. Wengine wamevaa fulana za Arsenal, wengine za Liverpool, wengine za Chelsea au Manchester United, nao hugombana kwa ajili ya timu hizo kama watu wanaogombania shamba la babu yao. Wazee huwacheka wakisema: Hayo ya Wazungu yatuhusu nini? Sisi hatuandiki ili kuwashangilia vijana hao wala kuwakemea. Tumeyasikiliza mabishano yao, tukaona kwamba mara nyingi si ya mpira tu. Ni mabishano juu ya haki. "Refa ametuibia!" asema huyu. "Kocha hafai, afukuzwe!" asema yule. Na katika maneno hayo mawili limejificha swali moja ambalo wenye hekima wamelifikiri tangu kale: Je, ni haki kumdai mwanadamu asikosee?

Swali hilo si la wachezaji peke yao. Ni la kila baba anayewahukumu watoto wake, ni la kila mwalimu, ni la kila mtu aliyemkabidhi mwenzake kazi. Lakini tulitazame kwanza pale linapoonekana waziwazi, yaani katika ligi kuu ya Uingereza, ambamo mambo mawili yamezusha kelele nyingi kwa miaka hii: waamuzi wanaotumia picha za video, na makocha wanaofukuzwa kazi upesi kama majani yanavyopukutika.

Kilio cha haki

Tusiwe wepesi wa kuwalaumu wale walioleta utaratibu wa video. Walikuwa na sababu njema. Mwamuzi ana macho mawili tu, naye huliona jambo mara moja, tena huku anakimbia. Tarehe 27 Juni 2010, huko Bloemfontein, Afrika ya Kusini, Uingereza walipocheza na Ujerumani katika Kombe la Dunia, Frank Lampard alipiga mpira ukagonga mwamba wa juu, ukadunda ndani ya goli, kisha ukarudi nje. Ulimwengu mzima uliliona bao lile. Waamuzi peke yao hawakuliona. Uingereza walishindwa mabao 4 kwa 1. Hapo watu wakauliza: Yafaa nini hukumu, ikiwa mtu aliyeketi nyumbani kwake aujua ukweli, na mwenye kuhukumu haujui?

Neno hilo lilikuwa la haki. Ukweli ni kitu chema, na mtu awezaye kuupata hana ruhusa ya kuupuuza. Kwa hiyo tangu msimu wa 2013/14 ligi kuu ya Uingereza ikaweka kamera za kutambua kama mpira umevuka mstari wa goli, na tangu msimu wa 2019/20 ikaanza kutumia waamuzi wa video, utaratibu ule ambao vijana wote waujua kwa jina la VAR. Waamuzi hao huketi katika chumba huko Stockley Park, magharibi ya London, mbele ya picha nyingi, nao husemezana na mwamuzi wa uwanjani kwa chombo cha sikioni. Ulipoanza, utaratibu huo uliwaruhusu kuingilia mambo manne tu: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji aliyeadhibiwa badala ya mwenzake. Tena walitakiwa kumrekebisha mwamuzi pale tu alipokosea waziwazi.

Wenye ligi walieleza kwamba kabla ya VAR, katika kila maamuzi makubwa 100, yale yaliyokuwa sahihi yalikuwa 82, na baadaye yakawa 96. Hayo si maendeleo madogo. Ndiyo maana Juni 2024, klabu ya Wolverhampton Wanderers ilipotoa shauri kwamba utaratibu huo ufutwe, klabu 19 zilikataa, na Wolverhampton wakabaki peke yao. Na hata hivyo manung'uniko hayakukoma. Kwa nini? Hapa ndipo penye fumbo.

Kosa lililohama chumba

Tarehe 17 Juni 2020 Sheffield United walikuwa wageni wa Aston Villa. Kipa wa Villa aliudaka mpira wa adhabu, akarudi nyuma nao mpaka akauvusha mstari wa goli lake mwenyewe. Walioziona picha hawakuwa na shaka. Lakini saa ya mwamuzi, ambayo humpa ishara mpira uvukapo mstari, ilinyamaza kimya. Kamera saba zilizowekwa kulichunga goli lile zilikuwa zimezibwa na miili ya wachezaji na nguzo ya goli. Wenye mashine waliomba radhi, wakieleza kwamba jambo kama hilo halikuwa limetokea katika mechi zaidi ya 9,000. Waamuzi wa video nao hawakuingilia, na mchezo ukaisha bila bao.

Msimu ulipokwisha, Villa walinusurika kushuka daraja kwa pointi moja tu, na Bournemouth wakashuka. Hatusemi kwamba Bournemouth wangalisalimika, maana bao moja la kipindi cha kwanza halimalizi mchezo, na hakuna ajuaye mengine yangalikuwaje. Lakini siku chache baadaye kocha wao Eddie Howe, ambaye kwa vipindi viwili vya kazi alikuwa ameitoa klabu ile daraja la nne akaifikisha la kwanza, aliagana nayo. Ndivyo makosa ya watu yanavyofungamana: hili hulivuta lile, na mara nyingi anayeumia si yule aliyekosa.

Fumbo kubwa zaidi ni lile la tarehe 30 Septemba 2023, Tottenham walipocheza na Liverpool huko London. Timu zilikuwa hazijafungana. Luis Díaz wa Liverpool akafunga bao. Mshika kibendera akainua kibendera kwamba ameotea. Waamuzi wa video wakatazama, wakaona wazi kwamba hakuotea. Lakini aliyekuwa na madaraka chumbani alidhani kwamba uwanjani bao limekubaliwa. Kwa hiyo akasema kwamba ukaguzi umekwisha na yote ni sawa. Uwanjani maneno hayo yakaeleweka kwamba bao limekataliwa, na mchezo ukaendelea. Baada ya nukta chache fundi wa picha akawagutusha, na shauri likaja kwamba mchezo usimamishwe. Jibu likawa kwamba hawawezi kufanya kitu, maana sheria haikuruhusu kurudia uamuzi baada ya mpira kuanza tena kuchezwa. Liverpool walishindwa 2 kwa 1, kwa bao la kujifunga lililoingia katika dakika za nyongeza. Chama cha waamuzi kiliungama kwamba kosa kubwa la kibinadamu limetendeka, na baada ya siku tatu sauti za chumba kile zikatolewa, watu wote wakazisikia.

Jina la mwamuzi yule hatulitaji. Limekwisha kutajwa vya kutosha. Lakini tulifikiri jambo lenyewe. Hapo mashine haikukosa hata kidogo. Picha zilisema kweli, na macho ya waamuzi yaliiona kweli. Kosa lilikuwa katika neno moja lililoeleweka vibaya. Basi, twaona kwamba kamera haikuiondoa akili ya mwanadamu katika hukumu. Imeihamisha tu, kutoka uwanjani mpaka chumbani. Na huko chumbani nako ameketi mtu, mwenye haraka, mwenye hofu, mwenye masikio mawili kama sisi.

Sheria na kusudi lake

Jambo la pili ni gumu zaidi. Watu wale waliujua ukweli ungali mbichi, lakini sheria ikawafunga mikono. Je, walitenda vema kuitii? Sheria ile haikuwa mbaya. Iliwekwa ili mchezo usikatizwe ovyo, na ili kila mwamuzi asijifanye mfalme wa kuamua leo hivi na kesho vile. Mahali ambapo kila hakimu huivunja sheria apendapo, mnyonge hana pa kukimbilia.

Hata hivyo, Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, aliandika kwamba sheria husema kwa ujumla, na mambo ya watu hutokea moja moja. Akatoa mfano wa wajenzi wa kisiwa cha Lesbos, waliotumia kipimo cha madini ya risasi, chenye kupindika na kulifuata jiwe lilivyo, badala ya kulilazimisha jiwe lifuate kipimo. Alifundisha kwamba pale ambapo jambo lisilotazamiwa latokea, mwenye kuhukumu ajiulize: Mtunga sheria mwenyewe, kama angalikuwapo hapa, angalisema nini? Twadhani angalisema: Simamisheni mpira, mlitengeneze kosa lenu. Hiyo isingalikuwa kuidharau sheria, bali kuitii kwa akili.

Katika jambo la kuotea twaona kinyume chake, yaani kipimo kilichokuwa kikali kuliko kusudi. Sheria ya kuotea ilitungwa ili mtu asijibanze karibu na goli akingoja mpira kama fisi angojavyo mzoga. Lakini tangu kuja kwa VAR tumeona mabao yakifutwa kwa sababu ya kwapa au ncha ya kiatu, baada ya watu kungoja dakika kadhaa mistari ichorwe katika picha. Tarehe 12 Aprili 2025 ligi ile ilianza kutumia mashine mpya ya kuharakisha kazi hiyo, na kungoja kukapungua. Lakini je, mtu aliyetangulia kwa upana wa kidole ndiye yule ambaye sheria ilitaka kumzuia? Mashine yaweza kutuambia ni kiasi gani. Haiwezi kutuambia kama kiasi hicho chastahili adhabu. Hilo ni neno la akili na la dhamiri, nalo halina kamera.

Na sasa fumbo letu lafumbuka. Watu walipoahidiwa uhakika, waliacha kuvumilia kosa. Zamani kosa la mwamuzi lilikuwa kama mvua siku ya arusi: laudhi, lakini hakuna wa kumshtaki. Leo kosa lile lile laonekana kuwa ni wizi, maana watu husema, "Alikuwa na picha, amekosaje?" Makosa yamepungua, na hasira imezidi.

Kocha na siku zake 39

Kuna mtu mmoja anayeyaunganisha mambo yetu mawili. Tarehe 6 Novemba 2023 Tottenham, chini ya kocha wao Ange Postecoglou wa Australia, walishindwa na Chelsea 4 kwa 1 katika mchezo uliojaa ukaguzi wa video: mabao yalifutwa, na wachezaji wawili wa Tottenham walitolewa kwa kadi nyekundu. Ulikuwa ushindwe wao wa kwanza katika ligi msimu ule. Waandishi wa habari walimzunguka wakitazamia amlaani mwamuzi. Hakufanya hivyo. Alieleza kwamba yeye alizoea kuukubali uamuzi wa refa, na kwamba malalamiko haya yasiyokoma yanakula heshima ya mwamuzi kidogo kidogo.

Mtu huyo aliyewatetea wengine wasihukumiwe kwa kosa moja, yeye mwenyewe alihukumiwaje? Tarehe 21 Mei 2025 aliwapatia Tottenham kombe la Europa League, baada ya klabu ile kukaa miaka 17 bila kombe lolote. Lakini katika ligi walikuwa wamemaliza nafasi ya 17, na baada ya siku 16 akaachishwa kazi. Septemba 2025 Nottingham Forest wakamwajiri. Akaongoza michezo minane bila kushinda hata mmoja. Tarehe 18 Oktoba waliposhindwa na Chelsea 3 kwa 0 nyumbani kwao, kipenga cha mwisho kilipopulizwa hazikupita dakika 20 kabla haijatangazwa kwamba amefukuzwa. Alikuwa amekaa siku 39.

Tusiwe wa upande mmoja. Mwenye klabu naye ana wajibu. Timu ikishuka daraja, si wachezaji tu wanaoumia; wapo wapishi, wafagiaji na makarani wanaopoteza kazi. Na ni kweli kwamba kubadili kocha huenda kukafaa: Aston Villa walimwondoa kocha wao Oktoba 2022 wakiwa karibu na mkia, na chini ya Unai Emery wakamaliza nafasi ya 7. Lakini msimu ule ule timu tatu zilizoshuka, Leicester, Leeds na Southampton, zote zilikuwa zimebadili makocha. Southampton walikuwa nao watatu katika msimu mmoja. Basi kufukuza si dawa yenyewe. Mara nyingi ni mbuzi wa kafara tu, anayechinjwa ili mashabiki wapoe.

Claudio Ranieri aliwapa Leicester ubingwa mwaka 2016, jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Februari 2017 akafukuzwa. Kwa upande mwingine, Alex Ferguson alifika Manchester United Novemba 1986, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kombe. Mwaka 1989 mashabiki waliinua kitambaa uwanjani kumtaka aondoke. Wakubwa wa klabu wakasubiri. Mwaka 1990 akapata kombe la kwanza, mwaka 1993 ubingwa, na alipostaafu mwaka 2013 alikuwa amechukua ubingwa wa ligi mara 13. Mikel Arteta naye aliwamalizisha Arsenal nafasi ya 8 mara mbili mfululizo, mwaka 2020 na 2021. Akaachwa ajenge, na katika misimu mitatu ya kuanzia 2022/23 wakawa wa pili kila mara. Apandaye mnazi hang'oi mche kila wiki kutazama kama mizizi imeshika.

Kosa si hatia

Hapo ndipo twapaona penye mzizi wa yote. Tumeacha kupambanua kosa na hatia. Kosa ni pale ambapo akili au mkono wa mtu haukufika alipotaka. Hatia ni pale ambapo moyo wenyewe ulitaka ubaya: mwamuzi aliyekula rushwa, kocha aliyeuza mchezo, mtumishi aliyelala makusudi. Hatia yastahili adhabu. Kosa lastahili kurekebishwa, tena upesi na kwa ukweli, bila kufichwa. Lakini kulirekebisha kosa si kumwangamiza mkosaji. Anayeyachanganya mawili hayo huwafundisha watu uongo, maana mahali ambapo kila kosa huadhibiwa kama hatia, hakuna atakayeungama kosa tena.

Basi, kumdai mwanadamu asikosee si haki. Lakini ni haki kumdai mambo matatu: ajitahidi kwa uaminifu, aungame anapokosa, na akubali kurekebishwa. Naye mwenye kuhukumu adaiwe matatu: ajue kama kosa ni la mtu huyo kweli, ampe muda na vifaa vya kazi aliyomtuma, na ikimlazimu kumwondoa, amwondoe kwa heshima, si kama atupavyo ganda la muhogo.

Vijana wetu nao wana somo hapa, hasa wale wanaoweka fedha zao katika kubahatisha matokeo. Aliyeweka mshahara wake katika mchezo hawezi tena kumsamehe refa, maana kosa la refa limekuwa deni lake. Ameuuza uhuru wa kufurahi. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na aliyeweka karo ya mtoto wake juu ya mguu wa mtu aliyeko London hawezi kukubali kushindwa.

Na nyumbani je? Wapo akina baba wanaolizungusha kosa la mtoto kama picha ya video, mbele na nyuma, polepole, mpaka mtoto aone kwamba hakuna lolote jema alilopata kutenda. Wapo wazazi wanaomtaka mwalimu mpya aondolewe kabla hajamaliza muhula mmoja. Wapo wanandoa wanaochora mistari juu ya kila neno la mwenzao kutazama nani alitangulia kwa upana wa kidole. Hao wote wasicheke wakisikia habari za Stockley Park. Chumba kile kimo ndani ya nyumba zao.

Jumapili ijayo kijana wako akirudi kutoka kibandani amenuna, akisema kwamba refa amewaibia, usimkemee. Mkaribishe chakula, kisha umwulize: "Mwanangu, alikosa au alikusudia?" Akitulia akalifikiri swali hilo, amekwisha kuanza kujifunza haki. Na siku utakapokosa wewe baba yake, huenda akakumbuka kukuuliza neno lilo hilo kabla hajakuhukumu.